Gene Hackman, sigiri na swali la nani aanze kusema

Maiti mbili katika vyumba tofauti. Mbwa mmoja amekufa ndani ya kizimba chake, mlango wa mbele haukufungwa vizuri, vidonge vimetapakaa bafuni. Hiyo ndiyo habari iliyotoka Santa Fe, New Mexico, tarehe 26 Februari 2025, baada ya mafundi kuchungulia nyumbani kwa mwigizaji wa filamu Gene Hackman, aliyekuwa na miaka 95, na mkewe Betsy Arakawa, 65, na kukuta wameshafariki siku nyingi. Hackman alitwaa Oscar mara mbili, na hakuigiza tena baada ya 2004. Huku Uganda wanaomkumbuka ni kizazi cha mikanda ya video, lakini siku ile hata wasiomjua walikuwa na jibu la nini kimemuua.

Majibu yalikuwa mawili: moshi, au mkono wa mtu. Yote mawili yalianguka siku 9 baadaye. Hata hivyo hayakustahili kuanguka kwa uzito sawa, na hapo ndipo wengi wanaowasema vibaya "watu wa mitandao" wanapokosea.

Tuanze na moshi. Mtu wa Kampala aliyesikia kwamba watu wawili na mnyama wamekufa pamoja ndani ya nyumba moja, wakati wa baridi, aliwaza sigiri, yaani jiko la mkaa, papo hapo, na hakuwaza kijinga. Mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania damu kuliko oksijeni inavyoweza. Walinzi wa majengo yanayojengwa, wanafunzi wa vyumba vya kupanga, familia iliyoingiza sigiri ndani usiku wa mvua: visa hivyo tunavijua. Kwa kawaida damu ya asiyevuta sigara huwa na chini ya asilimia 2 ya hewa hiyo. Ikifika 50 mtu mzima mwenye afya huwa hatarini kufa, na mzee mwenye moyo mbovu hata 30 inaweza kumtosha. Binti wa Hackman mwenyewe aliwaambia waandishi wa habari kwamba alifikiria moshi huo. Dhana ilikuwa nzuri. Kilichokosekana ni kuipima kwa yaliyokwisha kujulikana.

Nyumbani mle kulikuwa na mbwa wengine wawili, nao walikutwa hai. Moshi unaoua watu wawili hauchagui mbwa. Kisha watu wakachanganya vitu viwili: gesi ya kupikia iliyovuja na kaboni monoksaidi. Gesi inayovuja hulipuka, au hufukuza oksijeni ikiwa nyingi sana. Kaboni monoksaidi hutokana na moto usiopata hewa ya kutosha. Kampuni ya gesi ilipokagua nyumba ilikuta uvujaji mdogo kwenye jiko, kiasi kisichoweza kuua mtu. Habari hiyo ikasambazwa na kichwa cha "gesi ilikuwa inavuja", na uvumi uliokuwa unazimika ukapata kuni mpya.

Jibu la pili, la mkono wa mtu, lilizaliwa ofisini na si mitaani. Ofisi ya sherifu, yaani polisi wa eneo lile, ilisema hakuna dalili za uhalifu. Wakati huohuo hati ya maombi ya kupekua nyumba, kutoka ofisi hiyohiyo, ilieleza kwamba vifo hivyo vilitia shaka kiasi cha kuhitaji uchunguzi wa kina. Mpelelezi huandika hivyo kwa sababu hakimu hampi mtu ruhusa ya kuingia nyumba ya watu bila shaka yoyote. Ni lugha ya kazi. Msomaji wa kawaida hajui hilo, na hakuna aliyemweleza. Akapewa sentensi mbili zinazopingana, akachagua ile yenye utamu zaidi.

Majibu yalitolewa tarehe 7 Machi. Arakawa aliuawa na ugonjwa wa mapafu unaoletwa na virusi vya hanta, vinavyotoka kwenye kinyesi na mkojo wa panya wa porini. Huko kusini magharibi mwa Marekani, kati ya wagonjwa 100 hufa 38 hadi 50. Yeye ndiye aliyetangulia. Hackman alifuata karibu siku ya 18 Februari kwa ugonjwa wa moyo, na Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, iliyokuwa imeshamla sana ikachangia. Huenda hakujua kwamba mkewe amelala amekufa ndani ya nyumba. Siku hiyo haikupatikana kwa kupima joto la mwili, maana baada ya siku kadhaa mwili hauna tena joto la kupima. Ilisomwa kwenye betri ya moyo aliyowekewa kifuani, ambayo huweka kumbukumbu ya mapigo. Mbwa wa kizimbani alikufa kwa njaa na kiu.

Kisha likaja kosa dogo lenye gharama kubwa. Awali wachunguzi walisema Arakawa alifariki yapata tarehe 11. Baadaye ikagundulika alipiga simu kliniki tarehe 12. Kwa mpelelezi hayo ni marekebisho ya kawaida. Kwa waliokuwa wanasubiri sababu ya kutoamini, ulikuwa ushahidi kwamba "wanaficha".

Sasa tuurudishe mjadala nyumbani, kwa sababu huku neno linalotangulia moshi ni sumu. Spika wa Bunge la Uganda Jacob Oulanyah alipofariki Seattle, Marekani, tarehe 20 Machi 2022, baba yake mzazi alitamka sumu hadharani, na Waziri wa Afya Jane Ruth Aceng akalazimika kusimama bungeni kusoma historia ya ugonjwa wa marehemu, saratani ikiwemo. Miaka 9 kabla yake, Desemba 2012, alifariki mbunge Cerinah Nebanda akiwa na miaka 24. Bunge likataka kipimo huru; daktari wa maiti, Sylvester Onzivua, akakamatwa uwanja wa ndege wa Entebbe akiwa na sampuli anazipeleka Afrika Kusini. Serikali ilipeleka sampuli zake nje na kutangaza kwamba zilikutwa na dawa za kulevya na pombe. Huenda majibu yalikuwa sahihi kabisa. Lakini anayezuia kipimo cha mwenzake kisha akaleta cha kwake asishangae kikipokelewa kwa mguno.

Basi nani aanze kusema chanzo cha kifo, na lini? Wanaotetea ukimya mpaka vipimo virudi wana hoja nzito. Maiti ya mtu mashuhuri bado ni maiti ya baba wa fulani. Ukisema "sumu" kabla ya maabara, umeshamhukumu mpishi, mke wa pili au mshirika wa biashara, na matangani kuna vijana wenye hasira. Vipimo vya sumu navyo huchukua wiki, haviendi kwa kasi ya WhatsApp. Wanaotetea kuuliza kwa sauti nao wana yao: bila kelele, vifo vingi huandikwa "presha" na kufukiwa. Kwa kupima haya mawili, naona wa kundi la pili wana haki ya kuuliza, ila wanauliza wamechelewa. Moto wa maswali huku kwetu huwaka baada ya mazishi. Hapo mwenye kujibu, yaani maiti, hayupo tena, labda mpate amri ya kufukua kaburi.

Kinachoamua ni saa 24 za mwanzo. Kifo kikiwa cha ghafla au cha kutatanisha, polisi hupewa taarifa, hufika eneo la tukio, na daktari huombwa uchunguzi wa maiti kwa Fomu ya Polisi 48. Pale mochwari, daktari anayetafuta sumu atachukua damu ya mshipa wa paja, mililita 10 hadi 20, si ya moyoni. Dawa zilizo tumboni na kwenye ini huendelea kupenya kuelekea moyoni baada ya kifo, na damu ya hapo huonyesha kiwango kikubwa kuliko alichokuwa nacho mtu alipokuwa hai. Atachukua ini kama gramu 100, mkojo, vitu vya tumboni, na majimaji ya jicho, ambayo huchelewa kuoza na hivyo husaidia kujua kama pombe iliyomo mwilini ilinywewa au ilitengenezwa na bakteria wa kuoza. Kila kitu kwenye kopo lake, lenye lakiri, tarehe na saini ya kila mkono ulioshika kuanzia mochwari mpaka Maabara ya Serikali Wandegeya. Kopo likikosa saini moja, wakili atalichana mahakamani kabla ya chai ya saa nne.

Kisha lile linaloharibu kazi yote: fomalini, dawa ya kuzuia mwili usioze. Vipande vya kuangaliwa kwa darubini huwekwa kwenye fomalini ya asilimia 10, na hapo ni sawa. Vya kutafutiwa sumu haviguswi nayo. Lakini ndugu wanataka mwili usafirishwe hadi Kasese au Arua bila kuharibika, kampuni ya mazishi inaitwa usiku uleule, damu inasukumwa nje na dawa inaingizwa mishipani. Tayari. Dawa hiyo huharibu sayanaidi, sumu kali, isionekane tena kwenye kipimo. Aina nyingi zina methanoli, pombe yenye sumu, ndani yake, kwa hiyo hakuna atakayeweza kusema kama marehemu alikunywa waragi (pombe kali ya Uganda) mbaya, ya aina iliyoua watu Kabale mwaka 2010, au methanoli hiyo ililetwa na waliomhifadhi. Jokofu la nyuzi 4 lingetosha kwa siku mbili tatu. Kwa Waislamu fomalini kwa kawaida si tatizo, haraka ya mazishi ndiyo tatizo. Daktari akiitwa alfajiri, uchunguzi unaweza kwisha kabla ya adhuhuri na maziko yakafanyika alasiri ileile. Wengi hawaombi kwa kudhani haiwezekani.

Kwa hiyo swali la nani aanze kusema lina jibu lisilohitaji kuchagua kati ya kelele na kimya. Familia au polisi watangaze mapema hatua na sio chanzo: mwili upo wapi, umechunguzwa lini, sampuli zipi zimechukuliwa, familia imeweka daktari wake kushuhudia au la, majibu yanatarajiwa wiki gani. Na kila tarehe ya kukisia itajwe kuwa ni ya kukisia. Ofisi ya sherifu ilifanya nusu ya haya, pale 28 Februari ilipotangaza kwamba kipimo cha kaboni monoksaidi kimerudi safi. Uvumi wa moshi ulipungua nguvu kuanzia hapo, ingawa chanzo chenyewe kilikuwa bado hakijulikani.

Mwishoni mwa Machi jaji wa New Mexico alipewa shauri la wasimamizi wa mirathi, waliotaka taarifa za uchunguzi na picha zisitoke kabisa. Akaruhusu kumbukumbu zitolewe na kuzuia picha za maiti. Huku kwetu huwa kinyume: picha hutoka mochwari kwa simu ya mtu kabla mwili haujapoa, na taarifa hukaa kwenye faili. Taarifa ya Hackman ilipotoka, aliyebaki na wasiwasi wa moshi alikuta kiwango chake kimeandikwa humo: chini ya asilimia 5.