Mgeni Kapanda Basi, Kioo Kimebaki: Nani Alipe?

Sufuria ya ugali ilitoka jikoni ikatua juu ya meza ya kioo, na kioo kikatoa mlio mmoja tu, kama kijiti kikavu kinachovunjwa. Ufa ulikwenda pembe hadi pembe. Mgeni, aliyekuwa amepanga nyumba kwa siku mbili kwenye barabara ya Bangwe, hapa Kigoma, alimwomba radhi dada wa usafi, akala kwa unyonge, na alfajiri akawahi basi la Dodoma.

Nyumba ni ya ndugu yangu. Mimi humsaidia kujibu meseji za wateja, kwa hiyo mimi ndiye niliyeandika ile ya kumdai mgeni shilingi 280,000, bei ya meza mpya. Alijibu kwa adabu kwamba kosa ni lake na atatuma 50,000. Tukakataa. Baada ya hapo simu yake ikawa inaita tu.

Ukikaa na wenye nyumba za kulaza wageni kwa siku hapa mjini, jibu lao ni moja: aliyevunja alipe. Wala si jibu la kubezwa. Hoteli ya vyumba arobaini ikivunjiwa meza haitikisiki, lakini mwenye nyumba moja hana pa kuisambaza hasara. Usiku mmoja kwetu ni 60,000, na wageni ni wa misimu: watalii wa Gombe na Mahale, watu wa mashirika yanayohudumia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wafanyabiashara wa Kongo na Burundi, na siku hizi mafundi wa reli ya kisasa. Nyumba inaweza kukaa tupu wiki tatu. Halafu kuna lile la tabia. Mgeni akijua kwamba hadaiwi chochote, kuna ambaye atapasi shati juu ya godoro.

Wengine husema dawa ni kupitia mtandaoni. Mtandao wa kupangishia nyumba wa Airbnb kwa mfano una mpango wake wa AirCover, unaotaja ulinzi wa hadi dola milioni 3 kwa mali iliyoharibiwa na mgeni. Mwenye nyumba anatakiwa kupeleka madai ndani ya siku 14 baada ya mgeni kuondoka, akiwa na picha na risiti. Mgeni hupewa saa 24 za kujibu, na asipolipa, kampuni ndiyo inayopima madai. Kuchakaa kwa kawaida hakumo, na kampuni yenyewe inasema mpango huo si bima. Sawa. Ila wageni wetu wengi huletwa na dalali au namba ya simu iliyopita mkono kwa mkono, na hela huingia kwa M-Pesa. Dola milioni 3 hazimhusu mtu aliyelala nje ya mfumo huo.

Kwa hiyo tunarudi kwenye kauli ile ile, aliyevunja alipe, na hapo ndipo ninapokwama. Hapa Kigoma aliyevunja huwa ameshapanda basi, treni au boti, na deni humwangukia yule anayefikika.

Anayefikika ni dada wa usafi. Ndugu yangu aliamua kumkata 40,000 kila mwezi mpaka 280,000 itimie, kwa hoja kwamba yeye ndiye aliyekuwa zamu na hakukagua nyumba kabla mgeni hajatoka. Mshahara wake ni 120,000. Nilikaa na karatasi nikapiga hesabu, na tangu siku hiyo hesabu ile hainitoki kichwani.

Meza ilinunuliwa miaka sita iliyopita kwa 240,000. Tuseme meza ya namna hiyo hukaa miaka kumi, nami nimeipendelea maana miguu yake ilishaanza kutu. Thamani iliyobaki ni 96,000. Kilichovunjika si meza bali kioo cha juu, na fundi wa vioo wa Mwanga, mtaa wa hapa hapa mjini, alikikata na kukifunga kwa 70,000. Hasara halisi, basi, ni 70,000. Tulimdai mgeni mara nne yake, na alipotoa 50,000 tukaona ametutukana. Dada naye, mwezi wa pili tu, alikuwa ameshakatwa 80,000. Kioo alikuwa amekilipa chote na chenji ya 10,000 juu, kwa ugali ambao hakuusonga yeye, na bado ilibaki miezi mitano.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimpi mwajiri nafasi hiyo. Mfanyakazi hukatwa kwa ajili ya hasara endapo tu imetokea akiwa kazini na kwa kosa lake mwenyewe. Aelezwe kwa maandishi chanzo, kiasi na namna kilivyokokotolewa, apewe nafasi ya kupinga, jumla isizidi hasara iliyopatikana, na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha taslimu. Robo ya 120,000 ni 30,000. Hata angekuwa amekivunja mwenyewe kwa nyundo, 40,000 ingekuwa imevuka.

Upande wa mgeni nao haufanani na vile tunavyoupenda. Nyumba nyingi zina karatasi ukutani: glasi 10,000, taulo 25,000, rimoti 50,000. Lakini Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inasema kiasi kikitajwa kwenye mkataba, aliyeumizwa anastahili fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho. Kiasi kilichoandikwa ni kikomo tu. Na karatasi ambayo mgeni ameikuta chumbani akiwa ameshalipa, sijui tutaiitaje mkataba.

Tena tunapenda kuchanganya bahati mbaya na uzembe. Mgeni akilewa akatupa kiti dirishani, alipe, sina huruma naye. Lakini runinga ikiungua usiku umeme ulipokatika ukarudi kwa kishindo, je? Mkoani Kigoma tuliishi na jenereta mpaka mwaka 2022 ndipo gridi ya taifa ikaanza kutufikia, na kila mwenye nyumba hapa anajua kifaa cha kulinda umeme ni kitu gani. Mgeni ndiye asiyejua kwamba soketi ya sebuleni hutoa cheche. Hata kioo chetu: sebuleni hapakuwa na meza nyingine, na vile vimkeka vya kuwekea vyombo vya moto tulivitoa sisi wenyewe kwa sababu vilichafuka. Tulimpa mtu jiko, sufuria na meza ya kioo, kisha tukashangaa.

Ndiyo maana naona ajali za kawaida ni gharama ya mwenye nyumba, kama sabuni na LUKU. Yeye ndiye apangaye bei na ndiye ajuaye udhaifu wa nyumba yake. Akitenga 3,000 katika kila usiku unaolipiwa, kwa wastani wa siku kumi na mbili kwa mwezi anapata 36,000, na kwa mwaka 432,000. Vioo sita vya namna ile. Anayetaka kuchukua hela ya dhamana achukue, ilimradi kiasi kisemwe kabla mgeni hajalipa, na chumba kikaguliwe wote wawili wakiwepo.

Ndugu yangu aliisoma karatasi yangu ya hesabu hadi mwisho. Akauliza, "Sasa ningemdai nani?" Makato ameyasimamisha baada ya kukata miezi mitatu, ila 120,000 iliyokwisha kukatwa hajairudisha, anasema anangoja msimu uchanganye.

Mgeni yule amerudi Kigoma mara mbili tangu hapo, safari zote siku tatu tatu. Analala karibu na stesheni.