Nakshi za mihrabu kwenye udongo: nini kihame, nini kibaki ukutani

Wanaopinga nakshi za milango na mihrabu kuhamishiwa kwenye udongo wa kuchomwa wana hoja ya kihistoria isiyofaa kupuuzwa. Kauri ya kung'ara haikuwa kazi ya mikono ya hapa. Mabakuli yaliyopachikwa kwenye makaburi ya nguzo ya mwambao yalitoka China na Uajemi, na sahani za maonyesho za karne ya 19 zilitoka mbali kama Maastricht, Uholanzi. Mfinyanzi wa Unguja na Pemba alifinyanga chungu, mtungi, kikaango na chetezo. Nakshi nzito ilikaa kwenye mti, kwenye chokaa na kwenye tumbawe, kama yale maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya msikiti wa Kizimkazi Dimbani, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Kwa hiyo, wanasema, mtungi wenye nyota za pembe nane ni pambo la mgeni lililobandikwa jina la urithi.

Hoja hiyo ni kweli nusu. Vigae vya vyungu vilivyofukuliwa Unguja Ukuu na Tumbe, vya kati ya karne ya 7 na ya 10, vina pembetatu zilizochorwa kwa ncha kali kwenye bega la chungu, na ndani yake mistari ya mshazari. Aliyechora alijua kuugawa mzunguko wa chombo ili pembetatu ya mwisho ikutane na ya kwanza bila ya kubanwa. Hesabu hiyo ndiyo msingi wa nakshi yoyote ya nyota. Anayetaka kuipeleka mbele leo ana pa kuanzia, na pa kuanzia hapo ni kwenye udongo wenyewe.

Mfano wa nje unaofaa kutazamwa ni wa msanii Rachid Koraïchi wa Algeria, aliyepata mwaka 2011 Tuzo ya Jameel, ya sanaa inayotokana na mila za Kiislamu. Makaburi aliyoyajenga Zarzis, Tunisia, kwa wahamiaji waliokufa baharini, yaliyofunguliwa 2021, yametandazwa vigae vya kauri vilivyochorwa kwa mkono. Kazi ni mpya, lakini vigae hivyo ni ufundi ulio hai katika Maghrib, yaani magharibi ya Afrika Kaskazini. Kuikopa sura yake na kuacha sababu yake hakutatusaidia. Sisi kaburi letu lina nguzo na bakuli, kama inavyoonekana kwa nguzo za Ras Mkumbuu, na msanii wa Pemba anaweza kuanzia kwenye bakuli hilo.

Ugumu mkubwa zaidi hauko kwenye historia. Uko ndani ya tanuri. Visiwa hivi vimekalia mawe ya matumbawe, na udongo mwingi una punje za chokaa. Mfinyanzi anayechoma kwa makuti, vifuu na kuni juu ya ardhi hufikia kiasi cha nyuzi 600 hadi 800 za Selsiasi, tena kwa muda mfupi, na punje hizo mara nyingi hazibadiliki. Ukiuchukua udongo huohuo ukautia kwenye tanuri la umeme au la gesi kwa nyuzi 1,000 ili upake glezi, ule utando wa kioo unaokifanya chombo king'are, punje inageuka chokaa hai. Chombo kinatoka kizuri. Siku chache baadaye, au wiki kadhaa, chokaa hiyo imekunywa unyevu wa hewa, imevimba, na inarusha kipande cha uso chenye tundu jeupe katikati. Ikiwa tundu limetokea katikati ya nyota uliyoichonga siku mbili, kazi imekwisha.

Kipimo chake ni rahisi: udongo mkavu uliosagwa, matone machache ya siki. Ukitoa mapovu, una chokaa. Uloweke mpaka uwe uji, uupitishe kwenye chekeche lenye matundu yasiyozidi nusu milimita, kwa sababu chokaa iliyo unga haina nguvu ya kurusha kitu. Zenye madhara ni chembe kubwa. Baada ya kuchoma, vyombo vikiwa na uvuguvugu, vizamishwe majini saa kadhaa. Hilo husaidia, ila halitibu udongo uliochekechwa vibaya.

Wanaotetea tanuri wana jibu zito. Sanamu au kigae cha nje, karibu na bahari, kilichochomwa kwa moto mdogo hunyonya chumvi ya upepo. Chumvi ikikauka ndani hufanya fuwele na kuubambua uso tabaka kwa tabaka. Nakshi nyembamba ndiyo huondoka kwanza. Kwa kazi ya ukuta wa nje ninakubaliana nao: moto mkubwa, udongo uliochekechwa. Ila glezi yenye madini ya risasi isikaribie chombo cha chakula, maana ndimu na achari huitoa risasi hiyo ikaingia tumboni.

Kwa chetezo mambo yanageuka. Mkaa wa moto unatiwa ghafla kwenye bakuli baridi, na udongo wenye mchanga na vitundu, uliochomwa kwa makuti, huvumilia mshtuko huo kuliko kauri iliyoiva na kubana. Hapa ufundi wa zamani unaishinda karakana ya kisasa kwa sababu za kazi, na ndiyo maana ningependa nakshi ianzie kwenye chetezo.

Kazi yenyewe inahitaji nidhamu. Ukuta wa chombo uwe milimita 8 kila mahali. Panapokuwa pazito hapakauki sawa na penginepo, pakapasuka. Subiri udongo ufike hali ya kuacha alama ya ukucha bila ya kubonyea. Zungusha ukanda wa karatasi tumboni, ukunje mara tatu, utapata mafungu 8. Mzunguko wa sentimita 48 unatoa sentimita 6 kwa kila nyota, lakini ukishuka kwenye shina la sentimita 24 fungu ni sentimita 3 tu, na nyota itabanwa. Wengi huharibu hapa kwa kuilazimisha nakshi moja ifunike chombo chote. Nyota zikae tumboni, chini pitisha mkufu au mistari ya mshazari.

Anayetoboa aache ukanda wa udongo usiopungua unene wa ukuta kati ya tundu na tundu, na kila pembe ianze kwa kitundu cha duara, kwani ufa huanzia kwenye pembe kali. Fundi wa milango anaweza kuuchimbia mti chini ya ua ukabaki imara. Udongo ukichimbwa hivyo hung'oka ukingo. Kama kipande kinatakiwa kiwe sentimita 30 baada ya moto, na udongo unapungua kwa asilimia 10, kichorwe sentimita 33 na ushei. Wakati wa masika kikaushwe polepole ndani, kisha kipashwe moto taratibu mpaka maji yote yatoke, la sivyo mvuke utakipasua.

Kuhusu aya, wengine husema Qurani juu ya chombo ni jambo geni. Kombe linawajibu: huandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, likaoshwa, mgonjwa akanywa. Lakini maandishi hayo yana mwisho unaojulikana. Aya juu ya mlango nayo iko juu ya vichwa vya watu. Chombo kilichochongwa aya kinaweza kupasuka motoni, na vigae vya tanuri huishia jaani. Hilo kwangu linatosha kuiacha aya ukutani. Anayetaka herufi, achonge jina la mwenye nyumba na mwaka wa Hijria, kama milango ya zamani ilivyofanya. Yungiyungi, waridi, mkufu na nyota havina kikwazo hicho, wala havigongani na wasiwasi wa sanamu za viumbe.

Linalobaki ni kalibu. Plasta iliyomiminwa juu ya nakshi ya mlango inaweza kutoa vigae mia vinavyofanana, kwa bei ambayo mfinyanzi hawezi kushindana nayo, na kubandika udongo wa maji kwenye mti wa zamani au tumbawe kunaacha unyevu na kung'oa chembe za nakshi. Ufinyanzi wa visiwani umebebwa zaidi na wanawake, nyumbani kwao, kwa kamba za udongo na kijiwe cha kung'arishia. Karakana inayotaka nakshi iwalipe kuchonga kila chombo kwa mkono, na jina la mchongaji likwaruzwe chini ya kitako kabla ya moto.