Ufunguo wa Ihefu uko kwa mkulima

Shangazi yangu ana ekari mbili na nusu za mpunga upande wa Igawa, wilayani Mbarali. Septemba moja nilimkuta anafua kwenye mfereji, maji yanampita kwenda kwenye majaruba yaliyovunwa tangu Juni. Hakuna mpunga wa kunyweshea, ila mabua na kwale tu. Nikamuuliza: shangazi, lango la banio, kizuizi kinachogeuzia maji ya mto mferejini, si lifungwe, maji yarudi mtoni? Akaniangalia kama mtoto wa mjini niliye. "Tukifunga, mimi nitafua wapi? Na ng'ombe wa jirani wanywe wapi?"

Nimesikia mengi yakisemwa kuhusu bonde hili la Usangu na maji yake, lakini sijasikia lililogusa kiini kama swali hilo.

Usiyelijua bonde, mambo yako hivi. Mito ya Mbarali, Kimani, Chimala, Ndembera na mingineyo inateremka kutoka milimani, inatandaa tambarare, kisha inakusanyika kwenye kinamasi cha Ihefu. Ihefu ni beseni. Maji yanatokea mahali pamoja tu, Ng'iriama, kwa kupanda juu ya kizingiti cha mwamba. Yakishuka chini ya kizingiti hicho, hata kidogo tu, mto Ruaha Mkuu unaoanzia hapo kuendelea mbele unakatika. Huko mbele, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, viboko wanabanana kwenye madimbwi ya tope. Tangu miaka ya mwanzo ya 1990 hali hiyo imekuwa ya karibu kila kiangazi.

Ahadi hazikukosekana. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye alitamka London kwamba ifikapo 2010 mto utatiririka mwaka mzima. Ukaja ukame wa 2006, mgawo wa umeme, bwawa la umeme la Mtera linalotegemea mto huu limenywea, na lawama zote zikawaangukia wafugaji. Wakaswagwa na ng'ombe wao hadi Lindi na kwingineko. Mwaka 2008 Pori la Akiba la Usangu likaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha, na mipaka mipya ikazaa mgogoro na vijiji uliodumu miaka. Mto nao ukaendelea kukatika.

Sisemi ng'ombe hawaharibu. Ila ng'ombe hawafungui malango. Zamani banio lilikuwa la fito, mawe na nyasi. Lilivuja, na masika ikija mafuriko yanalizoa. Kuvuja kule ndiko kulikomnywesha jirani wa chini, na Ihefu pia. Wakaja wafadhili na zege, kwa nia njema kabisa, eti maji yatumike kwa ufanisi. Sasa mwenye banio la zege anaweza kuukausha mto mzima mwezi Oktoba kwa kuzungusha usukani wa chuma, na wa chini akabaki na mchanga.

Sheria ya rasilimali za maji ya 2009 inazo jumuiya za watumia maji, na baadhi zinajitahidi kweli kupanga zamu. Lakini nimekaa kwenye vikao ambavyo kilichojadiliwa kwa uchungu kuliko vyote ni posho. Mkulima anaambiwa "funga", haambiwi atapata nini.

Mimi naona kisima kitangulie kufuli. Maji ya mfereji wakati wa kiangazi si ya mpunga, ni ya kufua, kunywesha mifugo, kufyatua tofali na kumwagilia bustani ya mchicha. Mpe mtu maji hayo karibu na nyumbani, lango halitakuwa na kazi mpaka mvua. Kilimo shadidi nacho kinasaidia: mche mmoja mchanga, nafasi pana, jaruba linaloweshwa na kuachwa likauke kwa zamu. Tatizo ni magugu, maana maji yaliyosimama ndiyo yaliyokuwa yakiyazuia, na palizi inawaangukia kina mama. Anayehubiri shadidi aje na mashine ya kupalilia, asije na vipeperushi. Na mashamba makubwa yaliyokuwa ya NAFCO, shirika la umma la kilimo, yakae kikao kimoja na shangazi, kwa kipimo kimoja cha maji. Bila hivyo atakuwa mjinga akifunga peke yake.

Mwenyewe hana ubishi na Ihefu. "Wakinichimbia kisima pale kwenye mwembe," aliniambia akikamua kanga, "kufuli nanunua mwenyewe."