Nyama yake nani alikula?

"Sasa ulilipa feza juu ya kwenda kuangalia nyama zenye zilisha kufa?"

Hilo ndilo swali pekee mama mudogo aliloniuliza alipoona foto zangu za Paris. Nilicheka. Kwetu Goma, mashariki mwa Kongo, nyama ni nyama, iwe inatembea porini au iko kwenye sahani kando ya sombe, na ukifikiri vizuri, mama mudogo alikuwa ameuliza jambo ambalo mimi nimehitaji wiki mbili kulielewa.

Ndiyo, nililipa. Rafiki niliyesoma naye Bukavu alinipeleka mtaa wa Marais, kwenye jumba la Guénégaud lililochorwa na msanifu majengo François Mansart katika karne ya 17. Tangu 1967 ndani yake mna Musée de la Chasse et de la Nature, makumbusho ya uwindaji na maumbile yaliyoanzishwa na mwenye viwanda François Sommer na mkewe Jacqueline, wapenzi wa kuwinda. Sakafu ya mbao inalia chini ya kiatu. Dubu mweupe amesimama wima kama askari wa getini. Mbweha amejikunja kwenye kiti cha kifahari kama paka wa nyumbani, mpaka unaogopa kukohoa usije ukamwamsha. Chumba kimoja dari lake limefunikwa manyoya ya bundi, na macho yanakutazama kutoka juu. Kwetu, bundi mmoja tu juu ya bati na mchungaji anaitwa usiku huo huo. Kuna hata kichwa cha nguruwe pori mweupe ukutani kinachogeuka na kuongea. Sitasema uongo, ni mikono ya watu wanaojua kazi. Nilipiga foto kama mtoto.

Halafu tukaingia chumba cha nyara. Mama mmoja wa makamo, mtalii kama mimi, akaniuliza natoka wapi. Goma. Uso ukamwangaza: "Ah, gorila!" Kisha akashusha sauti kama mtu anayeuliza habari za msiba. Je, ni kweli kwamba watu wa kwetu bado wanaua wanyama?

Aliuliza hivyo akiwa amesimama chini ya vichwa ambavyo nilikuwa nimechoka kuvihesabu.

Nilijibu kwa adabu, maana nimelelewa. Sasa niko nyumbani na adabu imeniisha.

Baba mudogo, zamani, upande wa Rutshuru, alitega paa. Mtego wenyewe ni waya wa breki ya baiskeli, umekunjwa kitanzi na kupakwa udongo using'ae. Paa mmoja. Watu walikuwa wametoka kukimbia vita, shambani hakuna hata mbegu. Walimkuta na mguu wa nyuma ndani ya mfuko. Papo hapo akapata cheo: braconnier, jangili. Alitoka ndani baada ya ukoo kuuza mbuzi wawili. Mbuzi wawili kwa mguu wa paa! Sasa mwingine akija na bunduki ya nakshi na kibali chenye muhuri, huyo anaitwa mwindaji. Mnyama wake anachunwa polepole, ngozi inavishwa juu ya umbo, anatiwa macho ya kioo, kisha anatafutiwa nyumba ya Mansart akae asinyeshewe. Kosa la baba mudogo ni kwamba wake walimla, akaisha. Angebakiza kichwa, leo tungekuwa familia ya wapenda mazingira.

Na msiniambie hayo ni mambo ya Ulaya. Asubuhi isiyo na ukungu naiona volkano ya Mikeno nikiwa mlangoni kwangu na mswaki mdomoni. Mwaka 1921 Mmarekani Carl Akeley alipanda huko, na safari yake ikarudi na gorila watano waliouawa kwa ajili ya makumbusho ya New York. Huyu ndiye aliyebadilisha ufundi huo wote: zamani ngozi ilijazwa makapi kama godoro, yeye akafinyanga mwili kwanza, msuli kwa msuli, ndipo akavisha ngozi. Gorila wa Mikeno wako nyuma ya kioo mpaka leo, na nyuma yao zimechorwa volkano zetu.

Ila, na hili naliandika nikiwa nimekunja uso, alichokifanya kilimwingia moyoni. Akawa miongoni mwa waliomhimiza Mfalme Albert wa Ubelgiji kuilinda milima hiyo, na 1925 ikazaliwa Parke Albert, hifadhi ambayo leo ni Virunga. Gorila wa milima sasa wamepita 1,000. Bila parke labda tungebaki na wale wa kioo tu. Haya, nimekubali. Lakini aliyeongoza safari iliyoua watano kisha akajuta alizikwa kwa heshima hukohuko Mikeno, 1926. Aliyeua mmoja kwa njaa alivishwa pingu. Na walinzi zaidi ya 200 waliokwisha kuuawa Virunga ni watoto wa nani?

Wengine wanataka nyara zirudishwe Afrika. Zirudi wapi? Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji, ikaondoka na nyumba yetu, kabati, albamu na kila kitu. Msiniulize habari za majumba ya karne ya 17: ukuta wa jirani yangu umejengwa kwa mawe ya lava niliyoyazidi umri.

Jana nilimwonyesha baba mudogo foto zile. Alimpita dubu, akampita mbweha, akasimama kwenye kichwa cha swala. Akaivuta foto ikawa kubwa, kwa kidole gumba chenye kovu la waya. Akaangalia shingo, akatafuta mshono, akasonya kidogo kama fundi anayekubali kazi ya mwenzake.

"Banashona muzuri," akasema. Kisha: "Na nyama yake, nani alikula?"