Desemba 25: sikukuu ya jua au hesabu ya Machi 25?

Kila ikikaribia Krismasi, ujumbe uleule huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp: Yesu hakuzaliwa Desemba, tarehe hiyo ni ya mungu jua wa Warumi, na anayeisherehekea anaabudu jua bila kujua. Wanaojibu nao husema Kanisa liliipokea siku hiyo kutoka kwa mitume wenyewe. Ubishi huu nimeukuta kanisani, kazini, hata msibani. Unaniuma, kwa sababu watu wanapimana imani kwa jambo ambalo wachache kati yao wamewahi kuutazama ushahidi wake.

Injili hazitaji siku wala mwezi. Luka anasema wachungaji walikuwa makondeni usiku, na wengi huushika mstari huo kama uthibitisho kwamba haikuwa majira ya baridi. Sioni kwamba unabeba mzigo huo. Desemba ya Bethlehemu ina mvua na baridi, ila si kila usiku, na Luka hakuwa akiandika habari za hali ya hewa. Kikubwa zaidi ni kwamba Wakristo wa mwanzo hawakuishughulikia siku hiyo. Klementi wa Aleksandria, mwalimu wa Kikristo huko Misri, yapata mwaka 200, anataja watu waliokuwa wakiikisia: wapo waliosema Mei 20, wapo waliosema Aprili 19 au 20. Desemba 25 haimo. Katikati ya karne ya 3, mwanateolojia Origene alisema kwamba katika Maandiko wanaofanya karamu siku ya kuzaliwa kwao ni wenye dhambi, kama Farao na Herode. Kwa hiyo wanaosema tarehe imetoka kwa mitume hawana pa kusimama.

Ushahidi wa kwanza ulio wazi unatoka Roma, katika kitabu cha kalenda cha mwaka 354. Ndani yake mna orodha ya kumbukumbu za mashahidi wa imani, ambayo wataalamu huirudisha nyuma hadi mwaka 336, na inaanza na Desemba 25: Kristo alizaliwa Bethlehemu ya Uyahudi. Fungua kurasa nyingine za kitabu hichohicho, kwenye kalenda ya serikali, na siku hiyohiyo imeandikwa kuzaliwa kwa Asiyeshindika, ndiyo sifa ya mungu jua, pamoja na mashindano 30 ya magari ya farasi.

Hapo ndipo hoja ya jua inapopata nguvu zake, na haifai kubezwa. Kaisari Aurelian aliliwekea wakfu Jua hekalu kubwa mjini Roma mwaka 274. Kwa mapokeo ya kalenda ya Kirumi, Desemba 25 ndiyo iliyokuwa siku fupi kuliko zote, ambayo baada yake mwanga huanza kurefuka. Katika karne ya 5 Papa Leo Mkuu alikuwa bado anawakemea Wakristo waliopanda ngazi za kanisa la Mtakatifu Petro, wakageuka na kuliinamia jua kabla ya kuingia kusali. Halafu kuna maelezo ya Kisiria ya karne ya 12 yanayosema waziwazi kwamba viongozi wa Kanisa waliihamisha sikukuu kutoka Januari 6 kwa sababu ya sherehe ya jua. Ukiishia hapa utadhani shauri limekwisha.

Yaangalie hayo tena kwa miaka yake. Maelezo ya Kisiria yameandikwa karne nyingi baada ya tukio, mbali na Roma, na wakati wa ugomvi wa makanisa kuhusu tarehe ipi ni sahihi. Hakuna mwandishi wa kale anayesema kwamba Aurelian ndiye aliyeanzisha sherehe ya Desemba 25. Tunachojua ni habari za hekalu. Na kumbukumbu ya kwanza ya sherehe hiyo ya jua katika siku hiyo ni kitabu kilekile cha 354, chenye Krismasi ndani yake. Kalenda hiyohiyo inaonyesha jua likiwa na michezo mikubwa zaidi mwezi Oktoba. Kama nia ilikuwa kuwavuta waabudu jua, mbona Oktoba iliachwa?

Upande wa pili unaanzia mahali ambapo wengi hawapategemei: kifo cha Yesu. Tertuliani, mwandishi Mkristo wa Afrika Kaskazini, mwanzoni mwa karne ya 3, aliandika kwamba Bwana alisulubiwa Machi 25. Baadaye askofu Agostino anaeleza kwamba Yesu anaaminiwa kutungwa mimba Machi 25, siku ileile aliyoteswa. Ongeza miezi tisa, unafika Desemba 25. Padri Mfaransa Louis Duchesne ndiye aliyeipa hoja hii umbo lake la kitaalamu mwaka 1889.

Kinachonivuta kwenye hesabu hii ni kwamba inaeleza tarehe mbili kwa pamoja. Makanisa ya mashariki yalisherehekea kuzaliwa Januari 6, na Waarmenia wanaendelea hivyo mpaka leo. Huko Asia Ndogo walikuwapo Wakristo walioshika Aprili 6 kuwa tarehe ya mateso ya Yesu badala ya Machi 25. Hesabu miezi tisa kutoka hapo: Januari 6. Sherehe ya jua ya Roma haiwezi kulieleza hilo.

Hata hivyo hesabu nayo ina mashimo. Wanaoitetea hutaja mapokeo ya Kiyahudi kwamba watu wakuu walikufa katika tarehe waliyozaliwa, lakini mapokeo hayo yanazungumzia kuzaliwa, na kutungwa mimba ni jambo jingine. Isitoshe, walioipokea tarehe walikuwa wepesi kuitafutia sababu baadaye. Mhubiri Yohane Krisostomo, akihubiri Antiokia mwaka 386, alikiri kwamba sikukuu hiyo haijatimiza miaka kumi tangu ijulikane kwao, kisha akaithibitisha kwa kusema Zakaria, baba wa Yohane Mbatizaji, alikuwa hekaluni Siku ya Upatanisho, mwezi Septemba, na kwamba Yesu alitungwa mimba miezi sita baada ya Yohane, yaani Machi. Lakini Luka anasema Zakaria alikuwa kuhani wa zamu ya Abiya aliyepata kura ya kufukiza uvumba. Hakuwa kuhani mkuu, ambaye ndiye pekee aliyeingia patakatifu pa patakatifu siku hiyo. Hesabu iliyojengwa juu ya hapo inaanguka.

Nikiulizwa, nitasema hesabu ya Machi ndiyo iliyotangulia, na jua likaingia mapema sana kama lugha ya kuieleza. Kuna andiko fupi la Kilatini la karne ya 4, linalohusu siku ndefu na fupi za mwaka, ambalo linapiga hesabu ya mimba ya Machi 25, kisha linasema wapagani huiita Desemba 25 siku ya kuzaliwa kwa Asiyeshindika, na kuuliza: ni nani asiyeshindika kama Bwana wetu? Mwandishi anaijua sherehe ya jirani yake na anashindana nayo hadharani. Nabii Malaki alikuwa amekwisha kumpa maneno: jua la haki litawazukia.

Tena asili ya siku haimfungi anayeishika leo. Makunduchi, Unguja, Waislamu huadhimisha Mwaka Kogwa kila Julai, na asili yake inahusishwa na Nairuzi, mwaka mpya wa Waajemi, iliyokuwapo kabla ya Uislamu, wakati dini yao ilipouheshimu moto. Kuwaita waabudu moto kwa ajili hiyo ni kuwasingizia.

Wanaoikataa Krismasi wanayo hoja nzito kuliko hii ya jua, nao huiacha bila kuitumia: Biblia haikuagiza siku hiyo iadhimishwe. Ndiyo iliyowafanya Wapuritani, Waprotestanti wakali wa koloni la Massachusetts huko Amerika, mwaka 1659, kumtoza faini ya shilingi tano aliyeisherehekea, ingawa habari za wapagani wa Roma walizijua pia. Hiyo ningependa tubishane, kwa sababu inagusa mamlaka ya Kanisa ya kupanga siku zake, na Mkristo aliyejibiwa kuhusu kaisari Aurelian bado hajajibiwa kuhusu hilo.