Psyche si bonge la chuma tupu

Makala yenu inasema Psyche, asteroidi (gimba dogo kuliko sayari linalozunguka Jua), ni "jirani wa Dunia" na ni bonge la chuma tupu lenye thamani ya matrilioni ya dola. Sikubaliani na hilo la chuma tupu. Vipimo vya miaka ya karibuni vinaonyesha kila sentimita ya ujazo ya Psyche ina uzito wa gramu 4 hivi, wakati chuma kitupu kinakaribia gramu 8. Basi ama kuna mawe mengi yamechanganyika humo, ama ndani kuna mianya mikubwa, au yote mawili. Anayetaka kuona chuma cha angani akakitazame Kimondo cha Mbozi, jiwe lililoanguka kutoka angani, kule Songwe, Tanzania. Hicho kweli ni chuma na nikeli.

Mengine mmeandika sawa: upana wa kilomita 220 na ushee, umbo kama kiazi, siku yake saa 4 na dakika 12, mwaka wake karibu miaka 5 yetu. Ila ondoeni hilo la "jirani wa Dunia". Inazunguka Jua kati ya Mirihi na Mshtarii, na chombo cha NASA kilichorushwa Oktoba 2023 kinatarajiwa kufika 2029. Kitapima mvuto wake na kutafuta dalili za sumaku ya kale, tujue kama hiki ni kiini cha sayari changa iliyovunjika. Andikeni zaidi kuhusu hilo, tafadhali.