Nilichokuwa Navua Kituoni Kilikuwa Glavu

Binamu yangu, ambaye ni katibu wa kamati ya harusi ya mdogo wangu, ameshaisambaza ile sauti yangu iliyoingia kwenye kundi la WhatsApp la kamati hadi kwa watu ambao hata kadi ya mwaliko hawatapewa. Kwa hiyo naomba na mimi nisikilizwe kabla jina halijaharibika moja kwa moja. Habari kwamba nilikuwa namvua mtu nguo kwenye kituo cha basi si ya kweli.

Kikao kilifanyika Sinza, Dar es Salaam, saa kumi jioni, nami nilikuwa Minneapolis, ambako mwezi Januari saa hiyo kwetu ni saa moja asubuhi na jua bado halijachomoza. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, nasubiri basi katika nyuzijoto 20 chini ya sifuri, nimevaa glavu mpya ambazo karatasi yake ilidai kwamba zinafaa kugusia simu za aina zote. Kioo cha simu hakijali umebonyeza kwa nguvu kiasi gani. Hukitambua kidole kwa sababu mwili wa binadamu unapitisha umeme, na kwa kuwa sufu haipitishi, watengenezaji hushonea nyuzi zenye madini ya fedha, shaba au kaboni kwenye ncha za kidole gumba na cha shahada. Zangu zilikuwa na ncha pana kuliko kidole chenyewe, kwa hiyo ama hazikugusa kitu, ama ziligusa vitufe vitatu kwa mpigo. Dukani zilifanya kazi vizuri sana, lakini dukani kuna joto, na anayejaribu hufungua picha tu, haahidi fedha.

Katibu akaandika kwamba wajumbe wanasubiri ahadi ya ndugu yao wa Marekani. Nilikusudia shilingi 500,000. Niliandika tano, nikabonyeza sifuri, haikuja; nikakandamiza, haikuja; nikaisugua kwa hasira, zikaja zote nilizokuwa nikizidai pamoja na moja ya ziada, na kabla sijazihesabu kidole gumba kikawa kimelala juu ya kitufe cha kutuma. Milioni tano. Kodi yangu ya mwezi na chenji juu!

Kundi zima likalipuka kwa makofi na vigelegele vya maandishi. Mwenyekiti, mzee wa kanisa ambaye kwa kawaida haandiki chochote, aliandika: "Mungu akuzidishie." Mzee wangu, glavu ilikuwa imeshanizidishia.

Nilijua kwamba WhatsApp humruhusu mtu kuhariri ujumbe wake ndani ya dakika 15, ila glavu sasa ikagoma kabisa. (Mnaouliza kwa nini sikuivua mapema, karibuni Minnesota mwezi wa kwanza, mje mikono mitupu.) Ndipo nikakumbuka kwamba pua nayo ni ngozi. Nikainamisha uso polepole, nikafumba jicho moja ili nilenge vizuri, nikaushusha mwamba wa pua kuelekea kwenye zile sifuri. Tatizo la pua ni kwamba ikishafika kwenye kioo, macho hayaoni tena inachogusa, na pumzi imeshatanda ukungu kila mahali. Ikatua kwenye alama ya maikrofoni, nikahisi imekosea njia, nikaipandisha juu. Wenye uzoefu mnafahamu kwamba kupandisha juu ndiko kunakoifanya simu iendelee kurekodi peke yake.

Bila kujua kwamba nasikilizwa, nikaigeukia glavu ya kulia kwa meno. Nikaivuta, ikanata, nikanguruma, nikavuta tena, kisha nikaiambia, kwa sauti iliyomfanya mama mmoja aliyekuwa kituoni ahamie upande wa pili: "Takataka wewe! Leo nakuvua! Nakuvua hapa hapa mbele za watu, na mwenzako naye nitamvua!" Ikatoka. Nikatazama kioo, nikaona sekunde zinahesabiwa, nikapeleka kidole kwenye pipa la taka ili niifute, lakini kidole kilikuwa kimekufa ganzi kiasi kwamba sikuhisi kinaelekea wapi, na kikaenda kutuma. Nilipotaka kuwahi kuifuta, simu iliyokuwa na chaji zaidi ya asilimia thelathini ikazimika, kwa kuwa betri za lithiamu hushindwa kutoa umeme wa kutosha kwenye baridi kali. Nikabaki naitazama sura yangu kwenye kioo cheusi, pua ikichuruzika.

Basi likaja, nikafika nyumbani, nikachaji, dakika 15 zilikuwa zimekwisha zamani. Sauti niliifuta kwa wote, na mahali pake pakabaki maandishi kwamba ujumbe umefutwa, jambo lililowashawishi hata wale waliokuwa bado na shaka. Shangazi amepiga simu kuuliza huyo mwenzake ni nani. Nilimtumia picha ya glavu zote mbili. Akasema ameelewa, kwa sauti ya mtu ambaye hakuelewa.

Milioni tano imeshaingizwa kwenye orodha na imesomwa kwa sauti kikaoni, hivyo haitoki. Mweka hazina amekubali nilipe kwa awamu, kwa sharti kwamba kila malipo niyatume nikiwa ndani ya nyumba.